Butembo: Mashini ya bei nafuu ya kunyonya vumbi la mbao inaweza kulinda mapafu ya seremala, lakini sherti iboreshwe kwanza

Usiku mmoja umeme ulikatika mtaani kwetu, hapa Butembo. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni seremala, alikuwa na milango miwili ya kumaliza kabla ya asubuhi. Akawasha jenereta, lakini taa ya atelie ilikuwa imeungua. Akaniomba nimshikie tochi.

Aliwasha mashini ya kunyonya vumbi, kisha msumeno wa meza. Nilipoinua tochi ili nione vizuri, mwanga ukapita kando ya mfuko wa ile mashini. Mfuko ulikuwa unatoa moshi. Nilipiga kelele nikidhani mota inaungua, naye akazima kila kitu. Tulipokaribia, hakukuwa na moto. Lilikuwa vumbi la mbao, laini kuliko unga wa muhogo, likipenya kwenye kitambaa cha mfuko na kupanda hadi darini.

Mchana hatukuwahi kuliona. Kaka alinunua mashini hiyo, iliyotumiwa kidogo, kwa sababu alitaka kuacha kukohoa. Kwa miezi mingi alifanya kazi akiamini kwamba hewa yake ni safi, maana sakafu ilikuwa safi. Na nyuma ya ukuta wa mbao, hatua tatu kutoka pale, mtoto wake wa mwisho alikuwa amelala.

Hali hiyo si yake peke yake. Hapa Butembo, kama vile Beni, Bunia, Goma na Bukavu, atelie nyingi za mbao ziko nyuma ya nyumba au chumba kimoja na familia. Milango, vitanda, makabati na madawati vinatengenezwa hapo, na minervali ya watoto inatoka hapo. Kumwambia seremala aache kazi si jibu. Kinachowezekana ni kurekebisha mashini aliyo nayo, hatua kwa hatua, na kwa vifaa vinavyopatikana mjini.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Mashini ya kawaida ya kunyonya vumbi ni kitu chepesi kuelewa. Mota inazungusha feni, feni inavuta hewa kupitia bomba, na hewa hiyo inaingia katika mfuko wa kitambaa. Maranda na unga mzito wa mbao hubaki chini ya mfuko. Hewa hutoka kupitia kitambaa na kurudi chumbani.

Shida iko kwenye kitambaa. Mifuko ya mashini za bei nafuu mara nyingi inazuia punje za mikromita 30 na zaidi. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una unene wa karibu mikromita 70. Lakini punje zinazopita puani na kushuka kuelekea mapafu ni zile zilizo chini ya mikromita 10. Maana yake, mashini inakusanya kile ambacho fagio lingeweza kukusanya, halafu inatawanya chumbani kile ambacho fagio haliwezi kukamata. Bila mashini, sehemu ya vumbi hilo laini ingeanguka karibu na meza. Feni inalirusha kila pembe.

Tena vumbi hilo halina haraka ya kuanguka. Katika hewa tulivu, punje ya mikromita 1 inaweza kuchukua zaidi ya saa 10 kushuka kutoka kimo cha mita moja na nusu. Seremala anazima mashini saa kumi na moja jioni, anavua barakoa, anaketi palepale ahesabu pesa zake, na bado anavuta vumbi la asubuhi.

Mji wa viti uliofungua macho ya madaktari

Wengi wetu tumekulia tukiamini kwamba vumbi la mbao ni uchafu tu, na kwamba maziwa au maji mengi yanalisafisha. Sivyo.

Katika miaka ya 1960, huko High Wycombe, mji wa Uingereza unaojulikana kwa viti na samani, daktari wa pua na koo Esmé Hadfield alitambua kwamba wagonjwa wenye saratani ya ndani ya pua, ugonjwa ulio nadra sana, walikuwa wengi kuliko kawaida, na wengi wao walikuwa mafundi wa samani. Yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wao mwaka 1968 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Mwaka 1995, shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitika kwamba vinaleta saratani kwa binadamu.

Saratani hiyo bado ni nadra, na huja baada ya miaka mingi ya kazi. Magonjwa yanayokuja haraka zaidi ni pumu, mafua yasiyoisha, macho yanayowasha na ngozi inayopasuka. Idara ya usalama kazini ya Uingereza inasema maseremala wa nchi hiyo wako katika hatari ya pumu mara 4 kuliko wafanyakazi wengine.

Mbao zetu hazitofautiani na hizo. Kambala, ambayo wengine wanaiita muvula, inajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua. Mbao ngumu zinazoshuka kutoka misitu ya Ituri zinatoa vumbi laini sana zinapotiwa msasa. Triplex nayo ina gundi, na vumbi lake linabeba gundi hiyo. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha miligramu 2 za vumbi la mbao ngumu katika kila mita moja ya ujazo ya hewa ya kazini. Hiyo ni kiasi kidogo kuliko kile ambacho kidole kinaweza kushika.

Kosa la kwanza: kufikiria mota kubwa zaidi

Asubuhi iliyofuata, kaka alitaka kuuza mashini yake na kutafuta yenye nguvu mara mbili. Ni wazo la kwanza la kila fundi. Lakini yake ina nguvu ya farasi 1, karibu wati 750, na kwa atelie ya mtu mmoja anayetumia chombo kimoja kwa wakati, hiyo inaweza kutosha ikiwa hewa haizuiliwi njiani. Yeye alikuwa ameifunga kwa bomba laini lenye mikunjo, la milimita 50, lenye urefu wa mita 6, lililozunguka atelie nzima kama nyoka.

Hapa hesabu ndogo inasaidia. Ili hewa ibebe maranda bila kuyaacha njiani, inahitaji mwendo wa karibu mita 20 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, bomba la milimita 50 linapitisha karibu mita 140 za ujazo kwa saa. Bomba la milimita 100 linapitisha karibu 560. Upana umeongezeka mara mbili, lakini hewa imeongezeka mara nne. Kwa kubana bomba, kaka alikuwa amenunua ng'ombe halafu anamkamulia katika kikombe.

Tulinunua bomba la PVC la milimita 110, lile linalotumika kwa maji machafu ya nyumba. Lipo katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Ndani yake ni laini, na hewa haigongani na mikunjo. Mashini ikasogezwa karibu na msumeno. Mahali palipohitaji kona, hatukutumia kona moja kali. Tulitumia mbili za nusu kona, ili hewa ipinde polepole. Bomba lenye mikunjo lilibaki kipande cha hatua moja tu, pale linapoungana na chombo. Viungo vyote vilifungwa kwa mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, uliokatwa kama utepe na kuvutwa kwa nguvu. Kila tundu dogo kwenye kiungo linaiba hewa.

Siku hiyohiyo msumeno uliacha unga kidogo sana mezani kuliko zamani. Na hatukuwa tumegusa mota.

Pipa mbele ya mashini

Katika mashini nyingi za bei nafuu, maranda yote yanapita kwenye feni kabla ya kufika mfukoni. Kipande cha mbao au msumari ukiingia, unagonga mapanga ya feni. Na mfuko unapojaa, hewa inapungua saa kwa saa.

Dawa yake ni pipa linalowekwa kati ya chombo na mashini. Hewa yenye maranda inaingia pembeni mwa pipa ikifuata ukuta, inazunguka kama maji yanayoshuka kwenye tundu, maranda yanasukumwa ukutani na kuanguka, na hewa inatoka katikati ya kifuniko kwenda kwenye mashini. Mafundi wetu wa mabati, wale wanaotengeneza babula na ndoo, wanaweza kukunja kipande kama hicho kwa siku moja.

Kuna njia nyepesi zaidi, na ndiyo tuliyofuata. Chini ya kifuniko cha pipa, kwa nafasi iliyozidi kidogo upana wa bomba, tulifunga duara la triplex. Kwenye ukingo wake tulikata mwanya wa karibu sentimita 3 unaozunguka theluthi mbili za duara. Theluthi iliyobaki, upande ambao hewa inaingia, tuliiacha imefungwa. Maranda yanapita kwenye mwanya na kulala chini, na duara linazuia upepo usiyainue tena.

Tahadhari mbili. Kwanza, pipa liwe la chuma. La plastiki nyembamba linaweza kujikunja ndani siku bomba likiziba, kwa sababu mashini inaendelea kuvuta. Pili, lisiachwe lijae hadi kwenye duara, la sivyo maranda yote yataenda kwenye feni kama zamani.

Pipa linakamata karibu maranda yote na sehemu kubwa ya unga mzito. Lakini lile vumbi la kwenye tochi halikamatwi na pipa. Ni jepesi mno. Kwa hilo kuna hatua inayofuata, ambayo ndiyo kiini cha kazi yote.

Hewa itoke nje ya nyumba

Katika nchi za baridi, fundi anaogopa kutoa hewa ya atelie nje, kwa sababu anatoa pia joto alilolipia. Kwa hiyo ananunua filtra za gharama zinazokamata punje za mikromita 1 au chini yake, ili hewa irudi ndani ikiwa safi. Sisi hapa hatupashi atelie joto. Hata Butembo yenye baridi ya asubuhi, hakuna anayelipia joto la chumba cha kazi. Kwa hiyo tunayo njia ambayo fundi wa Ulaya angeitamani: kuondoa mfuko, kufunga bomba mahali pake, na kutoa hewa nje.

Lakini nje kuna watu pia. Bomba la kaka linapanda ukutani na kutokea juu ya paa, likielekea upande wa miti ya mikaratusi nyuma ya parseli. Halielekei dirisha la jirani, wala jiko, wala pipa la maji ya mvua. Kwa sababu pipa la chuma limeshakamata mzigo mkubwa, kinachotoka ni kidogo, nacho kinatawanyika juu. Pale ambapo nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, kama katika mitaa mingi ya Goma na Bukavu, njia hii haifai. Huko ni heri filtra.

Anayechagua filtra asiangalie tu ulaini wa kitambaa. Kitambaa laini chenye eneo dogo kinaziba na kukata hewa. Filtra ya karatasi yenye mikunjo ina eneo kubwa katika nafasi ndogo. Baadhi ya mafundi wa nyumbani katika nchi mbalimbali hutumia filtra mpya ya hewa ya lori, iliyofungwa vizuri pande zote. Isafishwe nje ya nyumba, kwa kugongwa polepole, na aliyeishika awe amevaa barakoa. Filtra iliyoziba ni sawa na kukosa filtra.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mafundi wengi hawayajui.

La kwanza ni mota. Watu wanadhani bomba likiziba ndipo mota inachoka. Kwa feni ya aina hii ni kinyume: inapopitisha hewa nyingi ndipo inapokula umeme mwingi. Ukiondoa mfuko na kupanua bomba, mota inabeba kazi zaidi. Baada ya kubadilisha, iache izunguke kwa dakika 10 kisha iguse. Ikiwa ni moto kiasi kwamba mkono hauwezi kukaa, punguza mlango wa hewa kwa kibao cha kusukuma. Kwa anayetumia jenereta, mota inapoanza huomba umeme mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida. Washa mashini ya vumbi kwanza, ingoje itulie, ndipo uwashe msumeno.

La pili ni hewa inayoingia. Hewa ikitoka, lazima nyingine iingie. Acha mlango au dirisha wazi upande wa pili wa chumba. Na babula isiwe imewashwa ndani au karibu. Mashini inaweza kuvuta moshi wake na gesi ya makala kuingia chumbani, na cheche moja inatosha kuwasha unga wa mbao. Kwa sababu hiyohiyo, usinyonye kwa mashini hiyo cheche za kunoa chuma. Ndani ya pipa la maranda, cheche inaweza kulala kimya na kuamka usiku wa manane.

Kulikamata pale linapozaliwa

Baada ya hayo yote tulirudia jaribio la tochi. Kwenye msumeno, chini ya meza palikuwa safi, lakini juu, karibu na meno, vumbi lilikuwa bado linaruka kuelekea uso wa kaka.

Ni kwa sababu nguvu ya kunyonya inakufa haraka. Ukiweka kiganja kwenye mdomo wa bomba unavutwa. Ukikirudisha nyuma kwa upana wa bomba lenyewe, unasikia kidogo sana. Vumbi lililokwisha kuruka halirudi. Kwa hiyo tulifunga chini ya msumeno kwa mbao ili hewa ipite pale tu meno yanapokata, na juu tukaweka kifuniko kidogo kinacholinda vidole na vumbi kwa pamoja.

Kutia msasa ndiyo kazi mbaya kuliko zote, na ndiyo inayopewa wanagenzi na watoto wakati wa likizo, kwa sababu ni nyepesi. Kaka alitengeneza meza yenye matundu juu na boksi chini, ikaungwa na bomba. Anayetia msasa anafanya kazi juu ya matundu hayo, na vumbi linashuka badala ya kupanda.

Barakoa bado inahitajika. Ile ya kitambaa au ya hospitali inaacha hewa ipite pembeni mwa mashavu. Kwa vumbi hili, iwe angalau ya aina ya FFP2, ambayo inazuia angalau asilimia 94 ya punje ikikaa vizuri usoni. Lakini iwe ulinzi wa mwisho, si wa kwanza. Na jioni, usipulize nguo wala meza kwa kompresa. Kwa dakika moja unarudisha hewani kazi yote ya siku. Tumia kitambaa chenye maji, na sakafu inyunyiziwe kidogo kabla ya kufagiliwa.

Aliye na pesa kidogo aanzie wapi?

Pesa zote tulizotumia hazikufika nusu ya bei aliyonunulia mashini. Lakini si lazima kufanya yote kwa siku moja. Kwa aliye na kidogo, mpangilio ni huu. Kwanza, bila pesa: sogeza mashini karibu na chombo, fupisha bomba, ziba matundu, fanya jaribio la tochi. Pili, badilisha bomba. Tatu, toa hewa nje mahali salama, au nunua filtra nzuri. Nne, pipa. Wengi wanaanza na pipa kwa sababu linapendeza macho, maana unafungua na kuona maranda yamejaa. Lakini hatari haiko kwenye kile unachoweza kumwaga kwenye banda la kuku.

Kaka yangu bado anakohoa asubuhi. Miaka 20 ya vumbi haiondoki kwa bomba la PVC, na nimemsihi aende kupimwa kifua. Ananijibu kwamba ataenda akimaliza oda ya madawati. Jambo moja, hata hivyo, alilifanya bila kusubiri. Siku ileile ya tochi, kabla hata hatujanunua kitu, alihamisha kitanda cha mtoto kwenye chumba cha mbele.

Juzi usiku tuliwasha tochi tena, mashini ikiwa inazunguka. Mwanga ulivuka chumba hadi ukutani, na katikati yake tuliona punje chache tu zikielea. Kaka alizitazama kwa muda, kisha akaenda kuziba kiungo kimoja kilichokuwa kimelegea.

Kila seremala mwenye tochi anaweza kufanya jaribio hilo leo usiku. Zima taa, washa mashini yako, kata ubao mmoja, halafu angalia mfuko.